Kipengele cha Tisa

Maswali yalikuja kwa Kiingereza, thelathini na mawili,
yamejipanga kama meno ya mtoto kwenye picha ya shule.
Kazi yetu: kuyavusha hadi Kijerumani
bila kung'oa hata moja.

Ghorofa ya tatu, Siegen, Novemba,
mvua inanyesha kana kwamba inalipwa kwa saa.
Henrike anatafsiri akielekea dirishani, mimi ukutani,
tumekatazwa kuchunguliana.
Ndio utaratibu: kila mmoja na lake,
kisha tukutane tugombane.

Tuligombana juu ya "wewe".
Kijerumani kina wewe wa jikoni na Wewe wa benki,
yule wa herufi kubwa, ambaye kitenzi chake ni kilekile cha "wao":
mtu mmoja, anasemeshwa kana kwamba kaja na ukoo mzima.
Henrike akasema, wa jikoni ni utovu wa adabu.
Nikasema, wa benki ana baridi, nasi tunauliza habari za upweke.
Kahawa ikapoa. Benki ikashinda.

Kisha Bwana Dettmar, aliyepewa kuyarudisha kwenye Kiingereza
bila kuyaona ya mwanzo, akatuletea kazi yake.
Sentensi moja ilikuwa imekwenda safari na kurudi na mchumba.
Ya asili ilisema: somo la mtandaoni linaniteka moyo.
Hii ikasema: katika somo la mtandaoni nimechumbiwa.
(Nakiri. Siku ile nilichoka, nikaiachia mashine.)
"Na pete iko wapi?" akauliza Dettmar, uso mkavu,
Henrike akashika meza asianguke.

Halafu zamu ya wasomaji.
Bibi Roswitha Kühnapfel, miaka ishirini na saba
katika kiwanda cha mabomba ambacho sasa kimefungwa,
anasomea uhasibu usiku,
kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi.
Tulimwomba aseme kwa sauti kila analowaza.
Swali la kwanza: "Haya."
La nne: "Hili mmeshaniuliza, mkadhani sitagundua."
La tisa: *Nikizima kamera, bado nipo darasani.*

Akanyamaza.
Karatasi yangu ina kisanduku cha sekunde za kusita.
Nikaandika tano. Nikafuta. Kumi na moja.
Nikaweka kalamu chini.

"Mnauliza kama nipo," akasema, "au kama nimo?"

Hakulisema hivyo hasa. Kijerumani kina neno moja tu, *da*,
linabeba yote mawili kwa mkono mmoja.
Alisema *da*, akajigusa kifua.
Akasema *da* tena, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta,
kule ndani, kwenye vile vijidirisha vya nyuso.

Tulijaribu matoleo sita. Hakuna lililokuwa na kidole.

Watu mia nne na kumi na wawili wakajaza.
Alfa ikatoka sifuri nukta nane nane, mtakwimu akapiga mluzi.
Ila cha tisa kilikataa kukaa na wenzake,
kikaelea kati ya mafungu mawili
kama mgeni arusini asiyejua ni wa upande upi.
"Kitoeni," akasema, bila ubaya wowote.
Tukakitoa. Ripoti ina mstari mmoja juu yake,
na nusu ya mstari huo ni tarakimu.

Lakini wiki tatu baadaye baadhi yao walijaza upya,
tupime kama majibu yanatulia.
Fomu hazina majina. Ila mtu mmoja
huandika kwa wino wa kijani, akikandamiza
hadi karatasi inavimba upande wa pili.
Majibu yaleyale, yote, safu kwa safu,
isipokuwa la tisa:
mwanzo alizungushia mbili. Sasa nne.

Kitakwimu hilo huitwa kutotengemaa.
Nimeiangalia ile nne kwa muda mrefu.
Kuna jioni fulani, katikati ya wiki hizo tatu,
nadhani mtu alimwita jina lake
akasubiri ajibu.